Kutafuta Kosa katika Programu ya Vipande

Programu ya Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, humwezesha mtoto kupanga amri kwa kuunganisha vipande vya rangi, hata kwa Kiswahili. Kazi ya mtoto ikigoma, mwalimu asikimbilie kuirekebisha mwenyewe. Hapo mtoto hupata jibu, wala hapati njia.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi amechora basi litokalo Lusahunga, Biharamulo, kwenda Rusumo, Ngara, pamoja na kitufe cha "Ondoka". Akibonyeza, kitufe ndicho kinachokwenda, basi limesimama. Kila picha hutii amri zake yenyewe, na amri za mwendo zimewekwa kwenye kitufe. Hazina budi kuhamishiwa kwenye basi. Kitufe kitume ujumbe tu, na basi liupokee kwa jina lile lile.

Sasa basi laenda, lakini lapita Rusumo. Hili ni kosa la mtiririko. Sharti la "likigusa Rusumo, simama" limewekwa kabla ya amri ya kurudia, kwa hiyo limepimwa mara moja tu, basi likiwa bado Lusahunga. Liingizwe ndani, lipimwe kila hatua.

Mwalimu aulize: Ulitazamia nini? Umeona nini? Amri ipi ilitendeka mwisho? Kisha mtoto abadili kipande kimoja tu na kujaribu tena.

Pasipo kompyuta, amri ziandikwe kwenye vipande vya maboksi, na mwanafunzi mmoja awe basi uwanjani, akitii neno kwa neno. Kosa lile lile litaonekana.