Madoa Meupe ya Samaki: Ugonjwa Unaojificha Ukadhaniwa Umepona



Katika miji ya ugenini, ambako watoto wetu hukulia ghorofani bila ua wa kufugia kuku wala mbuzi, jamaa nyingi zimeweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki. Ni pambo na ni mafunzo. Lakini kiumbe tuliyemfungia ni amana: hawezi kuhama maji yaliyomdhuru, wala kusema anapoumwa.

Sisi tulilijua hilo kwa hasara. Tulinunua samaki mpya, tukamtia tangini siku ile ile. Baada ya siku chache, samaki wetu sita walitapakaa vidoa vyeupe. Tukatia dawa, siku ya nne vidoa vikatoweka, tukashukuru, tukaacha dawa. Haikutimia wiki vikarudi maradufu, na samaki wanne wakafa. Watoto walituuliza kama sisi ndio tuliowaua. Hatukuwa na jibu jepesi.

Kosa letu lilikuwa kutomjua adui. Ugonjwa huu huletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kila kidoa, mfano wa chembe ya chumvi, ni kimelea kimoja kinachokula chini ya ngozi ya samaki, na humo dawa haikifikii. Kikishashiba hujibandua, hutua chini penye changarawe, hujifunika ganda, kisha hujigawa kikazaa mamia ya watoto. Hao huogelea kutafuta samaki, na wasipompata kwa muda wa siku mbili hivi hufa. Katika hali hiyo ya kuogelea ndipo dawa huwaua. Basi vidoa vinapotoweka, huenda adui ndiyo kwanza anazaana.

Kwanza, mtambue. Samaki mgonjwa hujisugua kwenye mawe, hukunja mapezi, na hupumua kwa haraka vimelea vikiingia kwenye matamvua. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni ugonjwa mwingine. Kidude bapa kinachotambaa juu ya ngozi ni chawa wa samaki. Tena, dume la samaki wa dhahabu, wakati wa kuzaa ukifika, huota vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na mapezi ya mbele. Huyo si mgonjwa.

Pili, mtibu. Tibuni tangi zima, kwani vimelea vimo majini. Kwa samaki wa nchi za joto, pandisheni joto polepole, digrii 1 au 2 kwa siku, hadi 28 au 30, ili vimelea vimalize mzunguko wao upesi. Ongezeni pampu ya hewa, maana maji ya moto hupungukiwa hewa. Samaki wa dhahabu wasipashwe joto kiasi hicho. Wao watibiwe kwa muda mrefu zaidi, kwani katika maji baridi mzunguko huo huchukua wiki kadhaa.

Chumvi safi isiyochanganywa na kitu, gramu 2 kwa lita, husaidia: tangi la lita 50 hupata gramu 100, zilizoyeyushwa kwanza. Mkitumia dawa ya dukani, fuateni kipimo cha chupa na toeni mkaa wa kuchujia, kwani huinyonya dawa. Jamii ya kambare na samaki wengine wasio na magamba hudhurika upesi; ulizeni kwanza. Fyonzeni uchafu wa chini kwa mpira, na maji ya bomba yaondolewe klorini kabla ya kutiwa.

Tatu, msiache mapema. Tiba iendelee siku 10 hadi 14, hata ngozi ikiwa safi.

Na samaki mpya akae peke yake katika chombo kingine kwa wiki 3 au 4. Tungalifanya hivyo, wale wanne wasingalikufa. Siku hizi ndoo ya samaki mgeni iko kwetu tayari, na watoto ndio wanaohesabu siku.