Je, Wajua? Moyo Ukisimama Wodini, Muuguzi Ndiye wa Kwanza

Je, wajua kwamba moyo wa mgonjwa ukisimama wodini, mara nyingi anayemkuta wa kwanza ni muuguzi? Saa nane za usiku daktari wa zamu yuko jengo jingine. Muuguzi ndiye anayepita na mashine ya kupimia presha.

Katika hospitali moja ya Georgia, Marekani, watafiti waliangalia ni muuguzi gani aliyegundua kwamba moyo umesimama. Alipokuwa na mafunzo ya juu ya kuokoa maisha, yaani ACLS, walinusurika wagonjwa 38 katika kila 100. Asipokuwa nayo, 10. Utafiti ulichapishwa mwaka 2000 na ulihusu wagonjwa zaidi kidogo ya 100, hivyo hautoshi kumaliza ubishi. Hata hivyo, pengo hilo si la kupuuzwa.

Kukandamiza kifua hufundishwa kwenye kozi ya msingi: sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kozi ya juu huongeza kusoma mapigo kwenye skrini, kuchoma adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5, na kuushtua moyo kwa umeme kwa mashine anayoiendesha mhudumu mwenyewe.

Umeme haungoji! Hospitali 369 za Marekani zilichunguzwa, matokeo yakatoka mwaka 2008: walioshtuliwa ndani ya dakika 2, asilimia 39 walitoka hospitalini wakiwa hai; waliocheleweshwa, asilimia 22. Muuguzi anayejua kutumia mashine ya kushtua moyo lakini haruhusiwi kuigusa hadi daktari afike amefundishwa bure.

Wajua pia kwamba mara nyingi moyo hausimami ghafla kama tunavyodhani? Huko Miami, mwaka 1990, ilibainika kuwa wagonjwa 84 katika kila 100 walionyesha dalili za kuzorota ndani ya saa 8 kabla ya moyo kusimama. Pumzi ni miongoni mwa dalili za mapema, nazo ndizo mara nyingi hukadiriwa kwa macho tu. Ziheshimiwe: tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu dakika nzima, andika.

Na ujuzi wa kuokoa maisha huyeyuka. Miezi michache baada ya kozi, mikono huanza kusahau hata kama cheti kiko ukutani. Ushahidi mzuri kwamba kozi peke yake haitoshi uko Tanzania, katika hospitali ya Haydom mkoani Manyara, kwenye kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua. Mwaka 2010 wahudumu walipewa kozi ya siku moja. Kwa mdoli wa mazoezi wakafanya vizuri zaidi. Kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi papo hapo kazini, dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 kila mwezi.  Baada ya hapo, vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka watoto 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Wodi za watu wazima zingeweza kuiga mazoezi hayo wakati wa kupokezana zamu.