Reale ya Mzinga: Sarafu za Kihispania kwa Mwenye Kipato Kidogo

Katika Sura ya al-Kahf twasoma habari za wale vijana waliolala pangoni miaka mingi, hata walipoamka wakamtuma mmoja wao mjini na fedha waliyokuwa nayo, akawatafutie chakula kilicho safi. Wafasiri wengi wameeleza kwamba fedha ile ndiyo iliyofichua siri yao. Mwuzaji aliigeuza mkononi, akaona juu yake jina la mfalme aliyekwisha kufa zamani, akastaajabu. Kisa hiki tumekisomesha chuoni kwa miaka mingi bila ya kuifikiri sana ile sarafu, mpaka siku moja mwanafunzi wetu mmoja hapa Songea alipotuletea kipande cha fedha kilichofungwa katika kitambaa, akatuuliza, "Maalim, hii ni ya nani?"

Ilikuwa ni sarafu kubwa, pana kuliko shilingi yoyote tuliyopata kuitumia, nyeusi kwa uzee, na karibu na ukingo wake ilikuwa na tundu la kupitishia uzi. Bibi yake alikuwa ameivaa shingoni tangu ujana wake, naye aliirithi kwa babu aliyekuja huku bara kutoka Kilwa pamoja na misafara ya biashara. Bibi alikuwa amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na wanawe walikuwa wakibishana. Mjomba mmoja wa kijana yule alikwisha kupatana na mnunuzi wa fedha chakavu, ampimie kwa mizani na kumlipa kama anunuavyo vikuku vilivyovunjika.

Tulimwomba kijana atupe siku tatu. Upande mmoja palikuwa na uso wa mfalme na maandishi ya Kilatini, CAROLUS III, na mwaka 1783. Upande wa pili palikuwa na ngao yenye simba na ngome, na kushoto na kulia kwake nguzo mbili zilizosimama. Mzee mmoja jirani yetu alipoziona tu nguzo zile akacheka, akasema, "Hii ni reale ya mzinga! Marehemu baba alikuwa akiitaja." Naam, ndivyo wazee wetu wa pwani walivyoiita, na kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zimelihifadhi jina hilo. Waliziona nguzo zile wakazidhania kuwa ni mizinga ya vita, na Waarabu nao walikuwa na jina la maana kama hiyo hiyo.

Lakini nguzo zile si mizinga. Ni alama ya mlango wa bahari ulio baina ya Hispania na Maghribi, ambao watu wa kale waliuita Nguzo za Hercules. Na sisi Waislamu twaujua mlango huo kwa jina jingine, kwani hapo ndipo alipovuka Tariq bin Ziyad katika mwaka wa 92 wa Hijra, yaani 711, na mlima ulio hapo ukaitwa Jabal Tariq, jina ambalo Wazungu walilipotoa wakasema Gibraltar. Basi bibi yetu wa Songea alikuwa amevaa kifuani picha ya mlango wa Andalusi kwa umri wake wote, wala hakujua.

Na ajabu haiishii hapo. Kabla ya kuanguka Granada katika mwaka 897 wa Hijra (1492), nchi ile ilipiga sarafu zenye shahada juu yake. Abdurrahman wa Tatu alianza kupiga dinari za dhahabu Cordoba alipojitangaza kuwa Khalifa, mwaka 317 wa Hijra (929). Baadaye dinari za al-Murabitun zilienea na kuaminiwa hata na maadui zao, kiasi ambacho mfalme Mkristo Alfonso wa Nane alipotaka sarafu yake ikubaliwe sokoni aliipiga Toledo kwa maandishi ya Kiarabu, akaongeza msalaba. Katika jina la al-Murabitun ndimo lilimotoka jina la sarafu ya Kihispania iitwayo maravedi, ambayo mwishowe ilishuka ikawa shaba ya kununulia mkate. Ni sarafu hiyo ya shaba tutakayorudi kuizungumza, maana ndiyo iliyo karibu na mfuko wa mtu kama sisi.

Tuseme sasa ilifikaje Kilwa. Fedha yake ilichimbwa Marekani ya Kusini na Mexico, katika milima kama Potosi iliyo katika nchi iitwayo leo Bolivia, ambako wenyeji walishurutishwa kufanya kazi mashimoni na wengi wakafa humo. Sarafu ya mwanafunzi wetu ina alama ya herufi M yenye o ndogo juu yake, nayo ni alama ya nyumba ya kupigia sarafu ya mji wa Mexico. Uzito wake ni gramu 27 hivi, na katika kila sehemu kumi tisa ni fedha safi. Kwa kuwa uzito na usafi wake ulikuwa ukijulikana, ilipokewa China, Bara Hindi, Arabuni na kwetu. Marekani yenyewe iliikubali kuwa fedha halali mpaka mwaka 1857.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo si tamu. Tarehe 14 Septemba 1776, mwaka wa 1190 wa Hijra, Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, na bei ya kila mtu ikakatwa kuwa reale 20 za namna hii, na reale 2 juu yake ziwe za Sultani. Watu waliouzwa Kilwa hawakuwa wakiokotwa ufukoni. Walitoka bara, katika nchi zinazoelekea Ziwa Nyasa, na njia ya misafara ilipita katika nchi hizi zetu za kusini.

Tulikaa usiku tukapiga hesabu. Nisabu ya Zaka ya fedha ni dirhamu 200, ambazo wanavyuoni wa leo wanazikadiria kuwa gramu 595 za fedha safi. Reale moja ina gramu 24 na kitu za fedha safi. Kwa hiyo nisabu hutimia kwa reale 25. Bei ya mtu ilikuwa 20, na pamoja na zile mbili za Sultani ni 22. Yaani mwanadamu mzima, mwana wa watu, alikatiwa thamani ambayo mwenye kuimiliki asingelazimika hata kuitolea Zaka. Hatukulala upesi usiku ule.

Kijana alipopewa habari hii aliitazama sarafu kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ni vibaya kuwa nayo. Tulimjibu kwamba fedha haina dhambi, wenye dhambi ni waliofanya tendo, na kuiyeyusha hakumrudishi mtu kwao. Ama uso wa mfalme ulio juu yake, Maswahaba walitumia sarafu za Warumi zenye picha za wafalme wao, mpaka Khalifa Abdulmalik bin Marwan alipopiga dinari ya maandishi matupu mwaka wa 77 wa Hijra. Tulilokataa ni kuivaa kwa kuitakidi kwamba inakinga jicho, na hilo tulimwambia na mama yake kwa upole.

Kuna na faida ya lugha. Wazee wetu wangali wakisema "sumuni" kwa maana ya senti hamsini. Neno lenyewe ni la Kiarabu, thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Lakini senti hamsini ni nusu ya shilingi, imekuwaje ikaitwa thumuni? Ni kwa sababu ilikuwa thumuni ya reale. Reale ilibadilishwa kwa rupia mbili na kitu kidogo, basi thumuni yake ikawa kama robo rupia. Na ilipoondolewa rupia na kuja shilingi mwaka 1921, mbili kwa rupia ya zamani, robo ile ikawa senti hamsini. Kadhalika "hela" tunayoitaja kila siku ni heller ya Wajerumani, iliyoanza kupigwa mwaka 1904.

Sasa twaja kwa vijana wanaotaka kukusanya, nao hawana fedha ya kuchezea. Reale nzima iliyo safi, isiyotobolewa, ina bei yake, wala hatumshauri mtu aikimbilie. Anzeni na ndogo. Hispania ilipiga pia real moja, ambayo ni thumuni ya ile kubwa kwa hakika, na nusu real, nazo zina nguzo zile zile; zilizochakaa au kutobolewa wakusanyaji wakubwa huzidharau, na dharau yao ndiyo bahati yetu. Kisha kuna maravedi za shaba za karne ya 18 zilizopigwa Segovia, zenye alama ya mfereji wa maji wa mji ule. Na chini kabisa iko senti kumi ya shaba ya mwaka 1870, ambayo juu yake alichorwa simba ameshika ngao. Watu wa Hispania walimwona simba yule hafanani na simba, wakaiita sarafu "mbwa mnene". Iliyochakaa huuzwa Ulaya kwa euro mbili tatu. Mwenye ndugu aliyeko huko, au Maskati, au hata Dar es Salaam, aweza kumwagiza badala ya kuomba fulana.

Na ambaye hawezi hata hilo, asione haya kuanza na za nyumbani. Senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu, ya mwaka 1936, ina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyekaa katika kiti chini ya mwaka mmoja na kukiacha kabla ya kuvikwa taji. Wazee wanazo katika mikebe pamoja na vifungo.

Jambo moja twalisema kwa uchungu. Msizisugue! Sisi wenyewe, katika ujinga wetu, heller ya kwanza tuliyopata tuliisugua kwa ndimu na jivu mpaka ikang'aa kama sufuria mpya, tukajisifu, kumbe tumeiondolea ngozi yake na herufi ndogo pamoja nayo. Weusi wa sarafu ni umri wake. Ioshe kwa maji matupu, ikaushe, iweke katika karatasi kavu, na andika pembeni umeipata wapi na kwa nani.

Reale za bandia ni nyingi mno siku hizi. Ipimeni kwa mizani ya sonara: ikipungua sana gramu 27, na haina tundu wala haikukatwa, iacheni. Ikivutwa na sumaku iacheni upesi zaidi. Tazameni na ukingo wake, kwani reale za kweli zina nakshi pembeni, za uso wa mfalme zikiwa na duara na mstatili kwa zamu. Tena msidanganywe na reale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa: zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa juzi.

Katika kununua, fedha kwa pesa za karatasi iwe mkono kwa mkono, kikao kimoja, kama wanavyosema wanavyuoni wengi wa zama zetu. Msiichukue kwa deni. Atakayezifikisha nisabu na mwaka ukapita, azitolee Zaka, wala asiseme ni za kutazama tu. Na atakayeokota sarafu ya kale ardhini, hasa zile za shaba za masultani wa Kilwa zenye jina la Mwenyezi Mungu, ajue kwamba mali yenye alama ya Kiislamu kwa sheria yetu ni lukta, si rikazi ya kutoa khumsi na kuchukua iliyobaki. Na kwa sheria ya nchi, ile ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vilivyotengenezwa hapa kabla ya mwaka 1863 vina ulinzi. Apeleke habari kwa wenye mamlaka, asiuze.

Tumerudi kwa ile sarafu ya bibi. Ilikuwa ni mirathi, na mjomba hakuwa na haki ya kuiuza peke yake. Warithi walikuwa watatu, wajomba wawili na mama yake kijana. Mafungu yakawa matano, mawili mawili kwa wanaume na moja kwa mwanamke. Tukaikadiria reale kwa bei ya haki, iliyo juu ya bei ya mnunuzi wa chakavu, na mama akakubali kuihesabu ndani ya fungu lake, akaacha sehemu yake katika mbuzi. Mjomba alinung'unika kidogo kisha akaridhika, maana mbuzi walikuwa wanono.

Uzi umekwisha kutolewa. Kijana ameiweka reale katika daftari lake, na pembeni yake heller moja, senti kumi ya 1936, na "mbwa mnene" aliyeletewa na mtu wa jamaa yake. Ameacha nafasi moja tupu, ameandika chini yake kwa kalamu ya risasi: "thumuni".