Sauti ya Wauguzi na Funzo la Wapagazi wa Tabora

Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi mmoja akidai posho aliweza kupuuzwa au kupigwa. Lakini wapagazi wote walipotua mizigo kwa pamoja, mwenye msafara alilazimika kukaa nao na kuzungumza. Madai yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni umoja.

Leo, katika hospitali za Tabora na kwingineko, chama cha wafanyakazi kama TUGHE hubadili nini katika mazungumzo ya muuguzi na mkuu wake?

Kwanza, hupunguza hofu. Muuguzi anayelalamika peke yake hukumbuka kwamba mkuu huyo ndiye mwenye kauli juu ya zamu na likizo yake. Hivyo hunung'unika pembeni. Mwakilishi wa tawi akilisema jambo hilo, linakuwa suala la wote.

Pili, huleta wajibu wa kujibu. Waraka wa Rais wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Sheria ya 2003 ikaweka utaratibu wa majadiliano katika utumishi wa umma. Hoja iliyoandikwa katika kumbukumbu za kikao haifutiki kwa ukali wa mtu.

Tatu, humsaidia mkuu mwenyewe. Idadi ya wauguzi haiamui yeye peke yake. Hoja ya pamoja humpa nguvu ya kudai ngazi za juu.

Hata hivyo, chama cha jina tu hakitoshi. NUTA ilipoundwa mwaka 1964, Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wafanyakazi wengi hawakuiona kuwa sauti yao. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipolaani dharau ya viongozi, migomo ilizuka viwandani. Wafanyakazi hawakulilia mshahara tu; walidai heshima. Mdomo uliozibwa hutafuta njia nyingine.

Wala chama kisichukue nafasi ya mazungumzo ya kila siku. Wauguzi wanapokabidhiana zamu, habari za mgonjwa hazingoji kikao.

Kwa hiyo kada anayetembelea tawi asiulize idadi ya kadi peke yake. Aulize: kikao cha mwisho kilikaa lini, hoja gani ilitolewa, na nani aliijibu?