Chai ya Artemizia na Dawa ya Malaria

Wamama, munatuuliza: kama dawa ya malaria inatoka katika majani ya artemizia, kwa nini tusiyachemshe nyumbani? Sikieni. Nguvu ya majani hayo inaitwa artemizinini. Haiyeyuki vizuri katika maji, na moto mwingi unaipunguza. Mwaka 1971, kule China, Mama Tu Youyou na wenzake waliitoa kwa eteri, dawa ya maji inayochemka hata kwa joto la mwili. (Eteri inashika moto upesi, si ya jikoni!) Kwa hiyo chai ya leo inaweza kuwa na nguvu, ya kesho karibu hakuna. Homa inashuka siku mbili, lakini vijidudu vinabaki katika damu. Mutoto akiwa na homa, mumulete apimwe siku ileile. Vidonge amalize, hata kama ameanza kucheza.