Damu ikivilia ovyo mwilini, usianze na chupa ya vitamini

Mzazi unamwogesha mtoto jioni, unakuta doa la zambarau pajani. Unauliza amegonga wapi, hajui. Au bado hajui hata kusema. Hapo nyumba nzima inageuka kuwa zahanati. Bibi anasema mtoto hana damu, anyweshwe juisi ya rozela. Jirani anasema huyu amechezewa usiku. Muuzaji wa duka la dawa anatoa dawa ya maji ya kuongeza damu pamoja na chupa ya vitamini, na kwa kuwa ni vitamini tu, hakuna anayeona ubaya.

Kwa sisi wa Mbweni na majirani zetu wa Boko, Bunju na Tegeta, chupa hizo si kazi kuzipata. Zipo dukani, zipo kwa wanaouza mtandaoni na kuleta kwa bodaboda, zipo kwenye mikoba ya akina mama wenzetu wanaouza virutubisho huku wakikushawishi ujiunge nao. Wengi wanaahidi kwamba vidonge vyao vinaimarisha damu na mishipa. Swali la kujiuliza ni kama kweli chakula na virutubisho vinahusika na damu kuvilia. Vinahusika, ila mara nyingi si kwa namna tunayodhani. Mtu kuvilia damu kwa sababu amekosa vitamini ni jambo la nadra. Mtu kuvilia damu kwa sababu ya kitu anachomeza au kujipaka si nadra hata kidogo.

Doa lenyewe ni damu iliyotoka kwenye vimishipa vidogo na kukwama chini ya ngozi. Ili isitoke ovyo, mwili unahitaji vitu vitatu: kuta za mishipa zilizo imara, chembe sahani zinazokimbilia kuziba tundu, na protini za kugandisha damu ambazo hutengenezwa na ini. Kila kimoja kina namna yake ya kuharibika. Ndiyo maana dawa ya jirani yako inaweza isiwe yako.

Kiseyeye na machungwa ya Malindi

Tuanze na ukuta wa mshipa. Kinachoushikilia ni kolajeni, na mwili hauwezi kutengeneza kolajeni nzuri bila vitamini C. Ikikosekana kabisa kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kuta zinalegea: fizi zinavimba na kutoa damu, madoa yanatokea miguuni, vidonda vinakataa kupona. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye.

Pwani yetu inaufahamu ugonjwa huu kwa muda mrefu. Mabaharia wa Vasco da Gama walipovuka kutoka India kurudi Afrika Mashariki walikaa baharini karibu miezi mitatu. Fizi ziliwavimba mpaka kufunika meno, miguu ikajaa, na watu wapatao 30 wakafa. Walipotia nanga Malindi mwanzoni mwa Januari 1499 (ile ya Kenya, si Mbweni Malindi yetu), walichotaka wagonjwa kilikuwa machungwa. Ilipita karibu miaka 250 ndipo daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alipofanya jaribio mwaka 1747 na kuonyesha kwamba machungwa na malimau yanaponya.

Leo, kwa mtoto wa Dar es Salaam anayekula matunda japo mara chache kwa wiki, kiseyeye hakitarajiwi. Mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji takriban miligramu 25 za vitamini C kwa siku. Pera moja la wastani lina zaidi ya miligramu 100. Chungwa moja linatosha, kipande kizuri cha papai kinatosha. Ubuyu nao ni chanzo kizuri, ila ule unga wake mweupe, si ubuyu uliokaangwa kwa sukari na rangi nyekundu. Na usipime vitamini C kwa ukali wa ladha: ukwaju unakunja uso lakini una vitamini C kidogo sana, pera tamu linaushinda kwa mbali.

Watoto wa kuwaangalia hasa ni wale wanaokula aina mbili tatu tu za chakula na kukataa vingine vyote, wakiwamo baadhi ya watoto wenye usonji. Mtoto wa namna hiyo akianza kulalamika miguu, akakataa kutembea, na fizi zikatoa damu, mweleze daktari anakula nini siku nzima bila kuficha. Dalili hizo zinaweza kudhaniwa ni ugonjwa wa mifupa, na mtoto akazungushwa hospitali kwa hospitali wakati jibu liko sahanini.

Kwa mtu anayekula kawaida, vile vidonge vya miligramu 1,000 vinavyochemka kwenye glasi havimwongezei uimara wa mishipa. Ziada kubwa hutoka kwenye mkojo. Anayezidisha anaweza kuharisha, na wapo wanaojiweka kwenye hatari ya mawe ya figo.

Mboga za majani na sindano ya mtoto mchanga

Vitamini ya pili ni K. Ini huihitaji ili kutengeneza zile protini za kugandisha damu. Habari njema ni kwamba imejaa kwenye mboga ambazo baadhi yetu tumeanza kuziona za kimaskini: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Nusu kikombe cha mchicha uliopikwa kinapita mahitaji ya mtu mzima ya siku nzima. Vitamini K huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo bibi aliyeweka tui la nazi kwenye kisamvu alikuwa anajua anachofanya, hata kama hakuwahi kusikia herufi K.

Anayeweza kupungukiwa kweli ni mtoto mchanga. Huzaliwa na akiba ndogo mno, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini K kidogo. Watoto wachache hutokwa damu kwa sababu hiyo, wengine hata kwenye ubongo, ndani ya siku au wiki za mwanzo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto achomwe sindano moja ya vitamini K, miligramu 1, akishazaliwa. Mama mjamzito unayesoma hapa, uliza kliniki unakotarajia kujifungulia kama sindano hiyo ipo na inatolewa. Aliyejifungulia nyumbani au njiani amfikishe mtoto kituoni mapema na aitaje kwa jina. Kitovu kinachoendelea kutoa damu, choo chenye damu au doa lolote kwenye mwili wa mtoto mchanga si vya kusubiri kesho.

Sasa turudi kwa bibi na rozela yake. Upungufu wa damu na damu kuvilia ni vitu viwili. Kukosa madini ya chuma hupausha na kuchosha mtoto, lakini peke yake hakumletei madoa. Vikionekana vyote pamoja, mtoto amepauka na ana madoa, hiyo ni sababu ya kwenda kupima damu upesi, kwa sababu magonjwa yanayoshambulia uboho wa mifupa, ikiwamo saratani ya damu, huweza kuanza hivyo hivyo. Dawa ya kuongeza damu haitamuua. Kitakachomgharimu ni wiki tatu za kusubiri kama itamsaidia.

Fungua kabati lako la dawa

Kama ni wewe mzazi unayeamka na alama mapajani au mikononi, kabla ya kufikiria upungufu, hesabu unachomeza.

Aspirini iongoze orodha. Ikishakamata chembe sahani, haiziachii mpaka zife, na chembe moja huishi siku saba hadi kumi. Wanaoandikiwa dozi ndogo kwa ajili ya moyo wasiiache kwa sababu ya madoa; wazungumze kwanza na daktari wao. Diklofenaki na ibuprofeni nazo hupunguza nguvu ya chembe sahani, ingawa kwa muda mfupi zaidi. Tunazimeza kwa mgongo, kwa hedhi, kwa jino, wengine kila siku, na tunasahau kuzihesabu kama dawa. Mtoto asipewe aspirini bila amri ya daktari.

Virutubisho vinavyotajwa sana ni vitamini E ya dozi kubwa, mafuta ya samaki, na vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi, manjano na ginkgo. Kitunguu cha kwenye pilau hakina neno. Shida ni kidonge kilichokamuliwa nguvu ya vitunguu vingi, kikaongezwa juu ya aspirini na juu ya mafuta ya samaki. Ushahidi haulingani kwa vyote: mafuta ya samaki kwa dozi za kawaida yameonekana kuwa na madhara madogo, vitamini E nyingi inajulikana kuvuruga kazi ya vitamini K. Kwa hiyo kabla ya upasuaji, hata wa kung'oa jino, taja kila kitu. Madaktari wengi huagiza virutubisho vya aina hii visimamishwe wiki mbili kabla.

Kundi la pekee ni wanaotumia wafarini, na katika mji huu wapo wengi kuliko unavyodhani, wakiwamo akina mama vijana waliobadilishiwa valvu za moyo baada ya homa ya baridi yabisi ya utotoni. Wafarini hufanya kazi kwa kuibana vitamini K. Ukila mchicha leo sahani nzima kisha wiki mbili usiguse mboga, kipimo chako kitayumba. Hukatazwi mboga; unatakiwa ule kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Na unga wa mlonge unaosifiwa kutibu kila kitu ni majani ya kijani yaliyokaushwa, usianze kuutumia kimyakimya.

Halafu kuna mkorogo. Hili halisemwi vya kutosha. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali, na steroidi hula ngozi taratibu mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi, kugusa kona ya meza tu ni doa. Soma kiboksi: ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni dawa, si kipodozi. Kuna wazazi wanaopaka krimu za namna hiyo kwa mtoto mwenye vipele vya joto kwa sababu zinatibu haraka. Zinatibu haraka kwa sababu ni kali, na ngozi ya mtoto hunyonya zaidi ya ile yako.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam kuna jambo jingine la msimu. Jiji hili lilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Dengue hushusha chembe sahani. Mtu mwenye homa, maumivu nyuma ya macho na viungo vinavyouma, ambaye kipimo cha malaria kimeonyesha hana, akameza diklofenaki ili apate nafuu, anaongeza hatari ya kutokwa damu. Homa isiyojulikana ni parasetamoli kwa dozi sahihi, maji mengi, na kituo cha afya.

Namna ya kumwangalia mtoto

Madoa kwenye mifupa ya mbele ya miguu, magotini na kwenye paji la uso kwa mtoto anayekimbia ni kazi yake ya kila siku. Yanabadilika rangi na kuisha ndani ya wiki mbili hivi. Kwenye ngozi nyeusi hayaonekani bluu kama picha za mtandaoni. Huonekana kama giza ndani ya giza. Mpeleke kwenye mwanga wa mchana, tazama viganja, nyayo, ndani ya mdomo na fizi. Vidoa vidogo kama ncha ya kalamu, bonyeza kwa glasi safi: vikibaki vilevile bila kufifia, hiyo ni damu. Vikiwa pamoja na homa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nenda pia kama madoa yanatokea mgongoni, tumboni au matakoni bila sababu, kama damu ya pua haikatiki baada ya kubana dakika kumi na tano, kama goti linavimba kila akianguka. Mvulana aliyetoka damu kupita kiasi baada ya tohara, au ambaye wajomba zake upande wa mama wana historia hiyo, apimwe hemofilia. Binti anayeloweka pedi kila saa au mbili, na hedhi yake haikatiki ndani ya wiki, anaweza kuwa na tatizo la kuganda kwa damu ambalo familia imeliita kawaida ya ukoo.

Na lipo lile ambalo hatupendi kulisema. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa hana namna ya kujigonga. Doa kwa mtoto wa chini ya miezi minne, au doa sikioni, shingoni na kifuani kwa mtoto wa chini ya miaka minne, linaweza kuwa ugonjwa na linaweza kuwa mkono wa mtu. Usimrukie dada wa kazi kwa hisia tu, mpeleke mtoto apimwe kwanza. Lakini ukiwa na shaka, simu ya bure namba 116 ipo kwa ajili ya watoto, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Hospitalini kipimo cha kwanza huwa picha kamili ya damu, ile ambayo maabara huandika FBP, na hakihitaji kusafiri mpaka Muhimbili. Nenda na mfuko: chupa za vitamini, vidonge vya maumivu, unga wa mitishamba, hata kopo la krimu. Viweke vyote mezani kwa daktari.