Risasi Kidogo Damuni, Maumivu Mguuni

Baba akiamka usiku, kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwaka moto, hata shuka hawezi kuivumilia juu yake, majirani husema upesi: "Ni nyama na pombe hizo." Huenda ni kweli. Ugonjwa huo waitwa jongo. Lakini iko sababu nyingine iliyojificha: risasi. Hatusemi risasi ya bunduki tu, bali madini yenyewe, laini na mazito, yaliyomo katika betri za magari.

Sikiliza jinsi ilivyo. Mwili hufanya takataka iitwayo asidi ya yuriki. Kazi ya figo ni kuitoa kwa mkojo. Risasi ikiingia damuni, figo hushindwa kuitoa yote. Inayobaki huzidi, na mwishowe huganda katika viungo, chembe zenye ncha kama sindano. Ndipo jongo huanza.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1859 mganga Alfred Garrod wa London aliandika kwamba baadhi ya wagonjwa wake wa jongo walikuwa wapaka rangi na mafundi wa mabomba, watu walioshika risasi kila siku. Jipya ni kwamba hata risasi kidogo si ya kudharauliwa. Mwaka 2012 waganga wa Marekani walitangaza habari za watu zaidi ya 6,000, wenye miaka 40 na zaidi. Katika robo yenye risasi nyingi kuliko wengine, watu 6 kwa kila 100 walikuwa na jongo. Katika robo yenye kidogo kabisa, hawakufika 2. Walioziidiwa na asidi ya yuriki nao walikuwa wengi zaidi penye risasi nyingi. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi chanzo, lakini yatuonya.

Basi, ufanye nini? Usiyeyushe betri kuukuu nyumbani, hata kwa kutengeneza chubwi za nyavu. Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, vumbi lake ni sumu. Fundi aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, kwa maana risasi huharibu akili za watoto. Na mwenye jongo amweleze mganga kazi yake, ili apimwe damu.

Mwili ni amana ya Mungu. Tuwatafutie watoto chakula, tusiwaletee sumu pamoja nacho.